Uniti ngapi kwa gunia? Biashara za Nyanda za Juu Kusini na hesabu ya kupunguza nishati

Chini ya mota ya mashine moja ya kusaga pale Uyole, Mbeya, kulikuwa na vumbi jeusi. Unga wa pale ni mweupe na umetanda kila mahali, hadi kwenye kope za kijana anayemimina mahindi. Hili lilikuwa jeusi, laini, limelala sakafuni kama mstari mwembamba, sawasawa na mikanda inapozungukia. Fundi mzee aliyeitwa kuangalia kwa nini umeme unaisha haraka hakwenda kwenye mita. Aliinama, akachota vumbi lile kwa kidole, akalisugua, kisha akamgeukia mwenye mashine.

"Mama, huu ni mpira. Mikanda inateleza kwenye puli. Unanunua umeme wa kusagia mikanda."

Akalegeza nati, akasogeza mota nyuma kwenye reli zake mpaka mikanda ikakaza, akaibonyeza kwa dole gumba kuona inabonyea kiasi gani. Halafu akafungua kinu. Nyundo za ndani zilikuwa zimelika pembe zote, zimekuwa mviringo kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Nyundo butu haipasui punje, inaisukuma tu. Punje inazunguka humo ndani ikipigwa na kupigwa, mota inaunguruma, mita inahesabu, na unga unatoka kidogo kidogo. Chekeche nalo lilikuwa limezibwa nusu na unga ulioganda, kwa sababu mahindi ya siku ile yalikuwa hayajakauka vizuri.

Nimeanza na vumbi hilo kwa makusudi. Tunapozungumzia gharama za nishati huwa tunaanzia mbali, kwenye bei ya mafuta duniani na kina cha maji ya bwawa, kisha tunarukia ushauri wa kuzima taa. Katikati pameachwa pengo, na humo ndimo zilimo biashara zetu nyingi: mashine za Mwanjelwa na Makambako, vinu vya mpunga vya Igurusi na Ubaruku, viwanda vya chai vya Rungwe na Mufindi, misumeno ya Mafinga, nyumba za wageni za Njombe. Wote wanataka kupunguza matumizi. Wengi wanaangalia namba isiyowasaidia, yaani jumla ya bili. Bili ikishuka kwa sababu umesaga magunia machache, hujaokoa chochote. Namba ya kuangalia ni uniti ngapi zimekwenda kwa gunia moja, kwa kilo moja ya chai, kwa ubao mmoja, kwa mgeni mmoja aliyelala.

Kilichopanda ni kipi?

Tuanze na bei, maana hapo ndipo pana mkanganyiko. Viwango vya umeme vya TANESCO vilivyoidhinishwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, vikaanza kutumika Aprili 2016 vilidumu miaka mingi bila kuguswa. Mteja wa kundi la D1, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti. Wa kundi la T1, ambamo saluni, baa, bucha, karakana na mashine ndogo nyingi zimo, analipa 292. Ongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) na asilimia 1 ya EWURA, ile 100 inakuwa 122 na ile 292 inakuwa 356 na senti kidogo.

Kwa hiyo dada aliyeanza kusuka nywele sebuleni kwake Ilomba kwa draya moja, akanunua la pili, akaongeza friji ya soda, siku moja anakuta elfu kumi yake inampa uniti 28 badala ya 82. Anasema umeme umepanda. Uniti haikupanda bei. Yeye ndiye aliyehamishwa kundi, na hakuna aliyekaa naye kumweleza. Mabadiliko ya namna hii yanaumiza kuliko hata kupanda kwa bei kwenyewe, kwa kuwa yanamjia mtu peke yake, jirani yake hayajui.

Mafuta ndiyo yaliyopanda kweli. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 bei ya dunia iliruka, na serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni mwaka huo. Hata hivyo Agosti petroli ilifika shilingi 3,410 kwa lita Dar es Salaam. Mbeya iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka bandarini, na kila lita inapakia lori ikilipiwa nauli, kwa hiyo bei kikomo ambayo EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi huku kwetu huwa juu kuliko ya Dar. Na ni jambo la kusikitisha kidogo ukilifikiria, kwa maana bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, linakatiza ardhi hii hii ya nyanda za juu likipeleka dizeli Zambia.

Halafu ukaja mgawo wa umeme. Maji ya Usangu yanashuka kwa Mto Ruaha Mkuu hadi Mtera, kwenye mitambo ya megawati 80, na kutoka hapo kwenda Kidatu, megawati 204. Mvua zikikosekana, umeme unakatwa, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2022 na tena 2023, kabla ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuwashwa mwanzoni mwa 2024. Wakati wa mgawo kila mwenye uwezo aliwasha jenereta. Jenereta ya dizeli inayofanya kazi kwa mzigo wa kutosha hutoa kama uniti tatu kwa lita. Lita ikiwa shilingi 3,000, uniti moja ni shilingi 1,000, karibu mara tatu ya ile ya T1. Jenereta kubwa inayowasha taa nne na redio ni mbaya zaidi, kwa sababu injini inakunywa mafuta ya kujizungusha yenyewe kabla haijakupa chochote. Na huku juu, Mbeya ikiwa karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo, kifaa cha kuisukumia hewa ndani, inapata hewa pungufu na haifikii nguvu iliyoandikwa kwenye kibati chake. Watu wananunua jenereta kwa kusoma kibati, kisha wanamlaumu fundi.

Kuna la mwisho ambalo halionekani kwenye tangazo lolote la bei. Umeme wa Mbeya umekuwa ukija kwa njia ndefu ya kilovoti 220 kutoka Iringa kupitia Mufindi, na volti zikishuka jioni, mota inayoendesha mzigo uleule inavuta ampea zaidi, inapata joto, mwishowe inaungua. Inapelekwa kusukwa. Mota iliyosukwa vizuri inarudi kama ilivyokuwa. Iliyosukwa kwa waya mwembamba kuliko wa mwanzo, ili mteja apunguziwe bei, inarudi kazini ikila umeme mwingi kwa kazi ileile, na hakuna atakayejua kwa sababu inazunguka na inalia vilevile. Mwenye mashine ameokoa siku moja, atalipa kila siku inayofuata. Msongo mpya wa kilovoti 400 unaotoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, sehemu ya mradi wa kuunganisha gridi yetu na Zambia, umekusudiwa pia kuimarisha umeme wa huku.

Uniti na kVA ni vitu viwili

Mashine ikikua, ikapita uniti 7,500 kwa mwezi, inaingia kundi la T2, na hapo hesabu inabadilika kabisa. Bei ya uniti inashuka hadi shilingi 195. Mwenye kinu anafurahi, mpaka aone mstari wa pili: shilingi 15,004 kwa kila kVA, kipimo cha ukubwa wa umeme unaovutwa kwa wakati mmoja, ya kilele cha mahitaji yake ya mwezi. Yaani mita inatunza kumbukumbu ya kile kipindi kifupi ambacho ulivuta umeme kwa nguvu zaidi kuliko wakati mwingine wote mwezi huo, na unalipia kilele hicho hata kama ulikifikia mara moja tu.

Tuchukue mfano wa kinu cha mpunga. Kimetumia uniti 8,000, kilele chake ni kVA 60. Uniti ni shilingi 1,560,000. Kilele ni 900,240. Ongeza ada ya huduma, 14,233. Jumla, kabla ya kodi, ni shilingi 2,474,473. Igawanye kwa uniti 8,000, utapata 309 kwa uniti. Ni ghali kuliko 292 ya T1 aliyoikimbia! Kinu kingine chenye uniti zilezile lakini kilele cha kVA 45 kinalipa shilingi 225,060 pungufu, kila mwezi, bila kupunguza hata uniti moja.

Wamefikaje kwenye 45? Njia ya kwanza haigharimu kitu: ratiba. Kinu cha kukoboa, mashine ya kupanga madaraja ya mchele, pampu ya maji na mashine ya kuchomelea ya karakana ya nyuma havifanyi kazi kwa pamoja. Pampu inajaza tangi alfajiri. Kuchomelea ni baada ya kinu kuzimwa. Watu wengi wanadhani tatizo ni ule mshtuko wa mota inapowashwa, lakini huo ni wa sekunde chache, na mita inachukua wastani wa muda mrefu kuliko hapo. Kinachopandisha kilele ni vitu vyote kukaa vimewashwa pamoja.

Njia ya pili inahitaji maelezo kidogo. Angalia gunia la viazi la lumbesa likipakiwa pale Uyole. Juu ya mdomo wa gunia kimejengwa kichwa, kimefungwa kwa kamba, kimejazwa majani ili viazi visidondoke. Majani hayaliwi, ila lori linayabeba, yanakula nafasi, na bila hayo kichwa hakisimami. Mota nazo zinahitaji umeme wa aina mbili: ule unaofanya kazi, ambao ndio unaohesabiwa kama uniti, na mwingine unaokwenda na kurudi kujenga sumaku ndani ya mota, ambao hausagi chochote lakini waya na transfoma lazima viubebe. kVA ni uzito wa viazi pamoja na majani. Uwiano wa viazi kwa mzigo wote ndio mafundi wanauita pawa fakta.

Mota kubwa inayofanya kazi ndogo ina majani mengi. Kinu kinachovuta kilowati 42 za kazi halisi kikiwa na pawa fakta ya 0.7 kinaonekana kwa mita kama kVA 60. Ukifunga kapasita za kutosha, zikawa ndizo zinazoupa sumaku ya mota ule umeme wa kwenda na kurudi papo hapo kinuni badala ya kuuvuta kutoka kwenye transfoma, pawa fakta inapanda hadi 0.93 na zile kVA 60 zinakuwa kama 45. Mashine ni ileile, mchele ni uleule. Ni hatua yenye faida kubwa kwa vinu vya ukubwa huu, na inanisikitisha kwamba wengi wanaisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa muuzaji wa vikasha vya plastiki vya kuchomeka ukutani vinavyodai kupunguza nusu ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mteja wa T1 halipii kVA. Analipia uniti tu, kwa hiyo kikasha hicho hakina cha kumpunguzia. Kama uko kwenye LUKU ya kawaida, hela hiyo nunua mikanda mipya na nyundo.

Tunachofanya huku ni kutoa maji

Nimekuwa nikijiuliza ni wapi hasa nishati ya nyanda za juu inakwenda, ukiacha magari. Nikitazama kazi moja baada ya nyingine naona jibu lilelile. Chai: kutoa maji kwenye jani. Mbao: kutoa maji kwenye gogo. Kahawa ya Mbozi, mpunga wa Mbarali, mahindi ya Ismani, maziwa ya unga, matunda makavu, tofali. Sisi ni watu wa kukausha vitu katika nchi ya ukungu na mvua.

Na maji hayatoki kirahisi. Bandika sufuria ya maji jikoni, utaona yanachemka baada ya dakika kumi. Yaache yachemke mpaka sufuria ikauke. Utasubiri zaidi ya saa nzima kwa moto uleule. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara sita ya lile lililotumika kuyachemsha kutoka kwenye ubaridi. Kwa hiyo kila lita ya maji unayoiondoa kwa njia nyingine, kwa upepo, kwa jua, kwa kuikamua au kwa kuiacha idondoke, ni lita ambayo huilipii kuni.

Ndiyo maana katika kiwanda cha chai uokoaji mkubwa hauko kwenye tanuri. Uko ghorofani, kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, ambako majani mabichi yanalala saa nyingi yakipulizwa hewa na feni. Jani bichi likiwa na maji asilimia 78, kilo moja ya chai kavu inatokana na kilo 4.4 za majani, na kilo 3.4 hivi za maji lazima ziondoke. Kama kunyausha kumefanyika hadi jani likabaki na asilimia 70, moto wa kikaushio unabaki na lita 2.2 za kuondoa kwa kila kilo ya chai. Kama jani limeharakishwa, likashuka likiwa bado na asilimia 74, moto unabaki na lita 2.7. Zile asilimia nne ambazo hata kwa mkono hujui kuzitofautisha zimeongeza mzigo wa moto kwa zaidi ya moja ya tano. Kiwanda cha tani kumi kwa siku kinachemsha lita 5,000 za ziada, kwa kuni.

Rungwe, mojawapo ya maeneo yenye mvua nyingi kuliko yote Tanzania, jani mara nyingi linafika kiwandani limelowa kwa nje pia. Maji hayo hayamo hata kwenye hesabu niliyoifanya. Kapu lenye matundu, jani lisiloshindiliwa kwenye gunia, lori lenye turubai lisilochelewa njiani: hivi tumezoea kuvihesabu kama mambo ya ubora, lakini ni nishati vilevile. Mkulima anayekung'uta majani kabla ya kupima anaokoa kuni ambazo hatawahi kuziona.

Feni zenyewe nazo zina siri nzuri. Nguvu inayotakiwa kuzungusha feni inapanda kwa mchemraba wa kasi. Ipunguze kasi kidogo hadi asilimia 80, nayo inavuta nusu tu ya umeme, kwani 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni 0.51. Usiku mkavu wa Agosti kule Mufindi jani linanyauka kwa upepo mdogo, na kiwanda chenye kifaa cha kudhibiti kasi ya mota hakina sababu ya kupuliza kana kwamba mvua inanyesha. Njia ya zamani ya kuziba mlango wa hewa nusu huku feni inazunguka kasi yake yote ni sawa na kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja.

Na kuni? Mkaratusi uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia tanurini vile vile, moto unaanza kwa kukausha kuni kabla ya kukausha chai. Hasara ya kuyachemsha maji hayo peke yake si kubwa sana, kama sehemu moja ya kumi ya joto la kuni. Kubwa ni kwamba tanuri linapoa, moshi unakuwa mzito na mweupe, na moshi huo ni kuni zisizoungua zinazopanda dohani kwenda kijijini. Anayelisha tanuri anaongeza kuni, tanuri linapoa zaidi. Banda la kuni, paa la bati bila kuta, magogo yamepasuliwa na kupangwa upepo upite kati yake, miezi kadhaa, ndilo uwekezaji wenye heshima kuliko yote ninaoujua katika kiwanda cha chai. Halina hata swichi moja. Tatizo lake ni kwamba lazima ununue kuni za miezi kadhaa mapema, na fedha hiyo ndiyo wengi hawana. Kwa hiyo wanabaki kununua kuni mbichi wiki kwa wiki, na hapo ndipo ninapoamini mikopo ya benki zetu ingefanya kazi kubwa kuliko kugharamia majengo mapya.

Mafinga na Sao Hill hadithi ni hiyo kwa sura nyingine. Mbao zilizopangwa kwa vijiti kati yake, chini ya kivuli, zinapoteza maji yao mengi bure kabla ya kuingia tanuri la kukaushia. Na zile mashine za ding dong zinazochana magogo msituni, msumeno wao wa duara ni mnene, kila unapopita unageuza milimita kadhaa za mti kuwa unga. Unga huo umechomewa dizeli ili uwe unga. Msumeno mwembamba wa mkanda unakata njia finyu, unatoa mbao zaidi kwa gogo lilelile na unakunywa mafuta machache kwa ubao. Msumeno butu, wa aina yoyote, unakula kuliko wote. Njombe wako mbele katika jambo jingine: mabaki ya miti ya miwati yamekuwa yakichomwa pale kiwandani kuzalisha umeme na mvuke, na Mufindi mtambo mdogo wa maji wa Mwenga, megawati 4, umekuwa ukizalisha tangu 2012. Hiyo si kupunguza matumizi, lakini inafanya kazi vizuri kwa anayejua tayari anatumia kiasi gani.

Maji ya moto ya mgeni

Huku kwetu Juni na Julai maji ya bomba yanauma mikono. Mgeni akioga lita 40 za maji yaliyopashwa kutoka nyuzi 15 hadi 40, zimetumika uniti 1.16. Kwa shilingi 356, kuoga kumoja ni shilingi 413. Nyumba ya wageni yenye vyumba ishirini vilivyojaa, siku thelathini, ni karibu shilingi 250,000 za kuoga mara moja kwa siku tu. Hapo hujapasha maji ya jikoni wala kufua mashuka.

Kichwa cha bomba la mvua kinachopitisha maji nusu kwa mnyunyizo mzuri kinapunguza gharama hiyo kwa nusu siku hiyo hiyo kinapofungwa. Tangi la kupasha maji kwa jua juu ya paa linaweza kubeba sehemu kubwa ya kinachobaki, kwa maana baridi ya Mbeya ni ya hewa, jua lenyewe lipo. Kufunika mabomba ya maji ya moto kwa sponji yake ni kazi ya mchana mmoja. Taa za LED wengi wameshaweka, kwa hiyo hapo hapana mengi ya kusema. Mpira wa mlango wa friza la bucha ukichakaa, badilisha. Barafu ikizidi unene wa kidole, yeyusha.

Nani analipa uokoaji?

Kuna uokoaji ambao sitaki kuuita kwa jina hilo. Mashine ya kijijini inasubiri mzigo: haiwashwi mpaka debe zifike kumi, maana kuwasha mota kwa debe moja ni hasara. Ni kweli kwa mwenye mashine. Lakini aliyesimama foleni tangu saa mbili asubuhi na mtoto mgongoni ndiye aliyelipa. Kama mwenye mashine angetangaza saa, kwamba kunasagwa saa nne na saa kumi, angepata mzigo wake kwa pamoja na huyo mama angebaki shambani kwake hadi wakati huo. Ni tangazo la karatasi moja mlangoni.

Na liko baya zaidi ya hilo. Mfanyabiashara anayeanika mahindi siku mbili badala ya tano, au anayezima kikaushio mapema kwa sababu dizeli imepanda, anauza mahindi yenye maji zaidi ya asilimia 13.5, kiwango cha juu kinachokubalika sokoni na ghalani. Humo ndimo kuvu inakoota na sumukuvu inakozaliwa. Ameihamisha gharama ya dizeli hadi kwenye ini la mtu asiyemjua. Anayepunguza nishati kwa kupunguza ukavu hajapunguza kitu.

Isitoshe, mahindi yale yale mabichi yanarudi kumla mwenye mashine. Punje yenye maji hailipuki chini ya nyundo, inapondeka, inanata, inaziba chekeche. Ndiyo iliyokuwa imeziba lile la Uyole.

Yule mama niliyeanza naye alifanya jambo moja baada ya fundi kuondoka. Nyuma ya mlango wa mbao wa chumba cha mashine alichora mistari kwa chaki: tarehe, magunia, uniti asubuhi, uniti jioni. Mwanawe wa darasa la sita ndiye anayesoma mita na kugawanya. Nilipopita tena mlango ulikuwa umejaa tarakimu, wiki nzima gunia limekwenda kwa uniti nne, nne, nne na kidogo. Siku mbili za mwisho zilikuwa zimeandikwa tano. Kwa magunia ishirini na tano kwa siku, ile moja iliyozidi ni shilingi 8,900 kila jioni.

"Shikamoo mama. Umeme umepanda tena?" nilimuuliza.

"Marahaba mwanangu. Haujapanda," alisema, akiwa tayari ameshika spana. "Chekeche limetoboka upande, punje nzima zinapita, tunarudia kusaga. Nimeliona mlangoni hapo tangu juzi, nilikuwa nangoja jipya lifike kutoka Mwanjelwa."